Swali la Saba kwenye Fomu ya Paka

Fomu ilikuwa na maswali ishirini na mawili, na swali la saba liliuliza: Nani mwingine anaishi katika nyumba hiyo, na ana uhusiano gani na mwombaji? Nikaandika: Hakuna. Mama yangu alikuwa amekaa hatua tatu nyuma yangu, anachambua pojo kwenye ungo.

Nimeanza hapo kwa makusudi. Nikianzia kwingine nitajitetea, na nimeshajitetea vya kutosha kichwani.

Nilikuwa naomba paka. Nasema "kuomba" kwa sababu ndilo neno alilolitumia mfugaji mwenyewe. Paka wake ni wa nasaba, aina ya Kisiamu, wale wenye mwili wa rangi ya maziwa, uso na masikio meusi, na macho ya buluu. Tangu siku ya kwanza aliniambia kwamba malipo ni hatua ya mwisho. Kwanza mtu anaomba, na yeye anamwangalia.

Nyumbani kwetu Garsen kila kitu kilitujia chenyewe. Kabati tuliachiwa na jirani aliyehama baada ya mafuriko. Viti viwili ni vya ofisi iliyofungwa. Mbuzi ni wale waliobaki ukame ulipomaliza ng'ombe wa mama. Hata paka tuliowahi kuwa nao walipenya ua wa miiba ya mathenge, wakakaa, kisha wakafa kwa kula panya aliyekula sumu, au wakaondoka bila kuaga. Nilitaka kitu kimoja ambacho nimekichagua. Hiyo ndiyo sababu nzuri. Sababu mbaya ni kwamba wateja wangu wa Nairobi huniona kwenye simu ya video, na nilikuwa nimeshawaza jinsi paka huyo atakavyopita nyuma yangu taratibu, huku mimi najifanya sijamwona.

Kazi yangu ni kupanga kadi za harusi, mabango na vyeti vya shule kwa kompyuta. Sikwenda chuo. Nilijifunza kwa video, nikarudia kila moja mpaka nikaweza bila kuitazama. Mtu aliyejifundisha mwenyewe hupata ugonjwa mmoja: hajui wenzake waliofundishwa waliishia wapi, kwa hiyo yeye haishii popote. Niliwahi kuchapa upya vyeti vya darasa zima kwa sababu mstari mmoja ulikuwa umepanda kwa upana wa unywele. Mwalimu mkuu hakuuona hata nilipomwonyesha kwa kidole.

Kwa hiyo paka nilimsomea kama mtihani. Kwa miezi mitano nilisoma magonjwa ya kurithi, umri wa kuachishwa ziwa, chanjo, na jinsi ya kumtofautisha mfugaji mwenye dhamana na mtu anayezalisha tu. Nikaandika maswali kurasa tatu, kwa vichwa na vifungu. Nilipomweleza mama, hakucheka papo hapo.

"Paka na cheti," alisema. "Sasa panya ataonyeshwa cheti ndiyo akimbie?"

Kisha akauliza, "Mama yake umeona?"

Mama ni wa jamii ya Waorma, mtoto wa wafugaji, alikulia kwenye ng'ombe. Kiswahili alijifunza ukubwani, sokoni, na hakimhangaishi. Ni mimi ambaye kinanihangaisha kwa niaba yake. Swali lake lilikuwa swali la kwanza katika kurasa zangu tatu, nililolifikia baada ya miezi mitano ya kusoma, na yeye alikuwa nalo tayari. Sikumpa sifa hiyo. Nilimwambia ndiyo, hilo nitaliuliza.

Niliuliza. Muuzaji wa kwanza alikuwa na paka wa kila rangi wakati wowote, na akasema atamtia mmoja kwenye boksi, basi litamleta. Nilipoomba kumwona mama wa watoto, alinitumia picha ya paka amelala dirishani, na nje ya dirisha kulikuwa na theluji. Wa pili alitaka kunipa mtoto wa wiki sita, eti akitoka mapema ndiyo atanizoea. Wa tatu ndiye yule mfugaji niliyemtaja mwanzo, wa Malindi, mkunga mstaafu, na huyo hata hakuningoja niulize.

Nilimwambia nataka paka wa Kiajemi, mwenye manyoya marefu. Alikataa kabla sijamaliza sentensi. Alisema joto la Garsen halimfai paka huyo, na anayekubali kumleta huko hampendi paka wala hanipendi mimi. Akaniambia habari za Wasiamu wake: manyoya mafupi, akili nyingi, maneno mengi. Watoto hawatoki kwake kabla ya wiki kumi na tatu. Wazazi wao wamepimwa macho, kwa sababu kuna upofu unaofuata ukoo. Atakayempata mtoto atamfunga kizazi. Akishindwa kumtunza, hata baada ya miaka kumi, hamuuzi wala hamgawi, anamrudisha Malindi.

Nikaenda kuona. Nyumba yake ilikuwa safi na haikuwa na harufu. Paka walikaa sebuleni na watu, hakukuwa na vizimba. Alininawisha mikono kwanza. Mama wa watoto, paka mwembamba mwenye sauti ya mtoto mchanga anayedai, alikuja akaninusa vidole kimoja kimoja kama anayehesabu, ndipo akaniacha nikae. Nilichagua jike mmoja. Mfugaji akanionyesha hati ya nasaba ya kizazi hicho: wazazi, babu na bibi, mpaka vizazi vinne nyuma, kwenye karatasi nzito. Nakiri kwamba kabla sijasoma hata jina moja nilitazama pambizo. Zilikuwa sawa pande zote nne.

Mama yangu anaweza kutaja ng'ombe wa babu, mama kwa binti, mama kwa binti, mpaka wa tano, pamoja na rangi zao na ni yupi aliyepiga teke wakati wa kukamwa. Sikulikumbuka hilo Malindi. Nimelikumbuka ninapoandika.

Basi nikapewa fomu niijaze nyumbani. Maswali mengine yalikuwa mepesi. Lakini la tano lilitaka picha za nyumba, la sita liliuliza juu ya sumu ya panya, na la saba ndilo hilo. Nyumba yetu ni ya udongo na mabati, upande wa chini ambako maji huja mto ukifura. Sumu ya panya ilikuwa kwenye kopo juu ya magunia ya mahindi. Na mama alikuwa mama: miguu yenye vumbi la zizi, kanga iliyofungwa vyovyote, sauti ya kuita mbuzi hata anapozungumza na mtu wa karibu. Mfugaji hakuwa ameniambia kwamba anamtaka mtu wa aina fulani. Mimi ndiye niliyemtungia masharti hayo, kisha nikayatimiza kwa uongo.

Binti wa mama mkubwa, dada yangu kwa hesabu za kwetu, anafanya kazi Hola na ana nyumba ya mawe hapa Garsen. Ina sakafu ya vigae, feni na dari. Siku za kazi hukaa tupu, na ufunguo ninao mimi kwa sababu namlishia kuku. Nilipiga picha humo. Niliondoa picha zake ukutani, nikaweka zulia mahali panapofaa, nikapiga tena. Sumu: Hatutumii. Mwingine anayeishi hapa: Hakuna.

Baada ya wiki mbili mfugaji akapiga simu. Alikuwa na safari ya Lamu kwa jamaa zake, na alitaka apite Garsen aone nyumba kwa macho yake. Alisema Alhamisi, nikamwelekeza kwa dada. Jumatano nilikuwa kwa dada nikisugua vigae kwa mswaki wa meno, nikasikia gari linasimama mlangoni. Alikuwa yeye.

Nilimkaribisha. Aliangalia madirisha kama yana nyavu, akauliza maji ya kunywa ya paka yatakaa wapi saa za joto, akainama kutazama chini ya jiko la gesi. Nilijibu vizuri. Nilikuwa nimejiandaa kwa kila kitu ila kimoja, na hicho kimoja mtoto yeyote wa Garsen angekijua: kwetu hakuna mgeni wa siri. Gari la watu wasiojulikana likisimama mlangoni kwa watu, habari hufika kwa jamaa zao kabla injini haijapoa. Na mama hawezi kusikia kwamba mwanawe ana mgeni, halafu mgeni huyo aondoke bila kitu kutoka mikononi mwa wenyeji.

Aliingia kwa mlango wa jikoni, na chupa ya chai mkono mmoja na kibuyu cha maziwa mkono mwingine. Alikuwa ametoka moja kwa moja zizini. Kwenye vigae vyangu alivua ndala bila kuambiwa, akamsalimia mgeni salamu zote, za safari, za afya, za watoto, za mvua ya Malindi, huku akitafuta vikombe kabatini. Hakuwa amewahi kupika katika jiko lile, kwa hiyo alifungua makabati mawili kabla ya kuvipata.

Mfugaji alinitazama. Hakuwa na hasira, alikuwa na swali. "Uliandika unaishi peke yako," alisema. "Na huyu mama?"

"Ananisaidia kazi za nyumbani," nikasema.

Nilisema kwa Kiswahili kizuri, bila kusita. Hilo ndilo linaloniamsha hata sasa: sikusita. Mama alikuwa anamimina chai. Chai haikumwagika. Alimaliza kikombe cha kwanza, akaanza cha pili.

"Ndiyo," akasema. "Mimi nasaidia yeye."

Kisha akakaa chini, kwenye vigae, mbali kidogo, kama anavyokaa mtu wa kazi. Sijui alijulia wapi. Hajawahi kufanya kazi kwa mtu.

Mfugaji alikunywa chai, akasifu maziwa, akamwuliza kama anapenda paka. Mama akasema anapenda, ila paka wa huku hawadumu kwa sababu ya sumu. Nikatazama sakafu. Halafu mama akaanza kuuliza. Mama wa watoto alikubali wote kunyonya, au alimsukuma mmoja? Aliacha kunyonyesha mwenyewe, au alilazimishwa? Akishtuka anakimbia, au anarudi kutazama kilichomshtua? Alisema kwa ndama ndiyo hivyo: tabia ya kushtuka mtoto hunywa na maziwa. Katika kurasa zangu tatu hapakuwa na hata moja ya hayo. Mfugaji aligeuza kiti chake chote kumwelekea, akamjibu moja moja, na kwa nusu saa hivi walizungumza wao wawili. Mimi nilibaki nimeshika trei.

Wakati wa kuondoka, mfugaji alisimama mlangoni akanishika bega.

"Mwanangu, mtoto nitakupa," alisema. "Nina sharti moja. Huyu mama awepo. Siku ukitaka kumwachisha kazi, nipigie simu kwanza."

Mama alicheka kwa nyuma. "Hawezi kuachisha mimi," akasema. "Nimekaa na yeye siku nyingi."

Gari likaondoka kuelekea Witu. Nilikuwa nimempata paka wangu.

Nilifunga nyumba, tukarudi kwetu kwa miguu, mama mbele, kibuyu kitupu kikining'inia mkononi mwake. Nilisubiri anigombeze. Kugombezwa ningejua la kufanya nako. Tulipofika penye mathenge, karibu na kisima, ndipo aliposema, bila kugeuka.

"Huyu mgeni ni mtu mzuri. Anaangalia kama babu yako. Babu yako akisema anakuja Alhamisi, anakuja Jumatano."

"Ndiyo, mama."

"Ile ya ng'ombe ya kuazima unakumbuka?"

"Naikumbuka."

"Haya," akasema, akashika njia ya nyumbani.

Ni kisa cha ukoo wetu, nimekicheka tangu utotoni. Babu alikuwa hampi mtu mtamba, wala hamwozi binti yake, kabla hajakwenda kuliona zizi la mtu huyo saa ya kukama. Mtu mmoja alipopata habari kwamba babu yuko njiani, aliona haya kwa ng'ombe wake waliokonda, akaazima wanono wa jirani na kuwafungia katika zizi lake. Babu alifika, akasifu, akapewa maziwa, akakaa. Hakuuliza kitu. Alikaa tu, jua likashuka. Na ilipofika saa ya ng'ombe kurudi kwa ndama wao, wale ng'ombe wanono walinyanyuka mmoja mmoja, wakasukuma ua, wakaenda zao kwao, huku mwenye zizi anawatazama wakipita mbele ya mgeni. Babu alinyanyuka akaaga kwa adabu. Wanaosimulia huishia hapo, watu wakicheka. Nilikuwa sijawahi kujiuliza yule mtu alilalaje.

Siku zilizofuata mama hakubadilika. Alinipikia, akaniita kula, akaniombea kazi zangu kama kawaida. Mara moja tu, nilipouliza chumvi iko wapi, alisema, "Uliza mwenye nyumba." Dada aliporudi kutoka Hola mwisho wa wiki, alikuta picha zake zimerudishwa ukutani kwa usawa ambao yeye hajawahi kuuweka, akajua kuna jambo. Majirani wakammalizia. Alikuja kwetu akaniuliza kama feni yake ilijibu maswali vizuri, na kama vigae vyake vitapewa barua ya shukrani. Mama akamwambia aniache. Kutetewa naye ndiko kulikonimaliza.

Nilikuwa na wiki nne kabla ya mtoto kuruhusiwa kutoka. Kama ningenyamaza, angekuja. Sharti lenyewe lingetimia: yule mama angekuwepo. Nilijaribu hesabu hiyo kwa njia zote na kila mara ilitoa jibu zuri, mpaka nikaogopa jinsi ninavyojua kuifanya. Nikaanza kuandika ujumbe wa kukiri kwa mfugaji. Niliuandika mara kumi na moja. Katika toleo la nne niliona nimetumia neno "mazingira", kana kwamba hayo ndiyo yaliyosema uongo. Katika la tisa nilikuwa nimefanya kosa lote lionekane ni la nyumba. Mama, ambaye hasomi, aliniona nikifuta na kuandika tangu asubuhi.

"Ni yule mgeni?" akauliza.

"Ni yeye."

"Piga simu. Maandishi yako inajua kusema uongo sana."

Nikapiga hapohapo, mbele yake. Nilimwambia mfugaji nyumba si yangu, sumu ipo, na yule mama ni mama yangu mzazi. Upande wa pili nilisikia paka mmoja akilalamika kwa sauti ile ya mtoto mchanga.

"Nyumba ya mabati nimeshawapa watu," alisema mwishowe. "Ningekwambia toa sumu, weka kivuli, basi. Ungekuwa umekwishampata." Akavuta pumzi. "Lakini mwanangu, ukimkana mama yako ili upate paka, huyo paka utamkana ili upate nini?"

 Akasema mtoto yule hatanipa. Alisema kwa upole, kama mkunga anayetoa habari mbaya, bila kuzunguka. Kisha akauliza kama mama yuko karibu, akataka nimpe simu.

Mama aliichukua, akatoka nayo nje penye mbuzi. Walizungumza muda mrefu. Nilisikia mama akicheka mara mbili. Aliporudi aliniambia tu kwamba yule jike niliyemchagua atakwenda kwa watu wengine, wana watoto wawili na bustani, na kwamba ni watu wazuri, amewaulizia. Nililia kidogo, kwa ajili ya paka, na mama aliniacha nilie kwa ajili ya paka.

Baada ya hapo mfugaji alikuwa akipiga simu kwa mama, si kwangu. Simu ilikuwa yangu, kwa hiyo niliipokea, nikatoa shikamoo, nikaipeleka zizini. Walikuwa wanazungumzia kuzaa, kunyonyesha, nani alikuwa mgonjwa na alipewa nini. Mama siku moja alichukua lile kopo la sumu, akalizika mbali na kisima. Akaazima mitego ya waya kwa mwanamke mmoja wa Idsowe anayelima mpunga. Sikuuliza anajiandaa kwa nini.

Mfugaji alikuja tena katika safari nyingine ya Lamu. Safari hii alisema Jumatano, akaja Jumatano. Alikaa kwenye mkeka wetu, mgongo kwenye ukuta wa udongo, akaangalia kila kitu kama alivyoangalia kule kwa dada: maji, kivuli, mahali pa kutokea. Alimwambia mama kwamba mahali penye ua wa mathenge pawekwe wavu, na mama akakubali, wakabishana kidogo juu ya urefu. Halafu akasema ana jambo. Yule paka mama, aliyeninusa vidole, amezaa mara tatu, na kwake hakuna anayezalishwa zaidi ya hapo. Amefungwa kizazi, na wale wadogo wanamsumbua. Anataka nyumba tulivu yenye mtu mmoja anayekaa nyumbani.

"Nipe huyo mzee," mama akasema. "Mimi pia nimemaliza kuzaa. Tutaelewana."

Mfugaji akatoa fomu, ileile, maswali ishirini na mawili. Mwombaji alikuwa mama. Mimi nilikuwa mkono wa kuandika tu. Tukaenda swali kwa swali, yeye akisema, mimi nikiandika kwa herufi zangu bora. Sumu ya panya: Ilikuwepo, tumezika. Tukafika la saba. Nani mwingine anaishi katika nyumba hiyo, na ana uhusiano gani na mwombaji?

Niliandika jina langu. Sikungoja mama aseme. Mbele ya jina nikaandika: Msaidizi wa kazi za nyumbani. Niliona ndiyo haki. Niliona hata uzuri wake, jinsi kosa lilivyorudi mahali pake kamili, kama pambizo sawa.

"Umeandika nini?" mama akauliza, kwa kuwa nilikuwa nimeinamia karatasi muda mrefu.

Nikamsomea. Mfugaji akatazama nje.

Mama akageuka kunitazama. "Futa," akasema.

"Mama, nilidhani ni..."

"Futa. Hii ni karatasi ya paka, si ya kesi yako. Andika binti."

Nikapiga mstari juu ya maneno yale, haraka, na mstari ukapinda. Nikaandika binti juu yake, kwa herufi ndogo, kwani nafasi ilikuwa imekwisha. Ilikuwa mbaya sana kuiona. Nikamwambia mfugaji kompyuta iko hapo na mashine ya kuchapa iko hapo, dakika mbili tu nitoe fomu mpya niandike yote upya, safi.

Mama akaweka kiganja juu ya karatasi. Kilikuwa na vumbi la zizi, kikaacha alama.

"Hapana," akasema. "Iende hivyo."

Paka alikuja mwezi uliofuata. Ana maneno mengi kweli, na hujibiwa kwa Kiorma. Hulala kwenye ungo. Hajawahi hata mara moja kupita nyuma yangu kwenye simu ya video. Yuko na mama zizini, anakaa juu ya gogo na kuwatazama mbuzi wakikamwa kama mtu aliyetumwa kukagua.

Hati yake ya nasaba iko kwenye faili langu pamoja na nakala ya fomu. Hati ni safi, pambizo sawa pande zote nne. Fomu ina alama ya kiganja cha mama, na katikati ya swali la saba kuna ule mstari wangu uliopinda. Nilibonyeza kalamu kwa nguvu, lakini haikutosha. Chini ya mstari maneno yale bado yanasomeka.